Mrejesho: ile nyumba ya ukoo, Mji wa Kale Lamu

Niliuliza kwa nini plasta ya kuta za chini inabambuka kila masika, na kama tuongeze simiti. Ahsanteni mlionikataza. Fundi mzee wa hapa hapa Lamu alikwangua kipande, tukaona wenyewe: mtu aliwahi kupiga simiti juu ya chokaa ya zamani, na nyuma yake mawe ya matumbawe yameloa chepechepe, chumvi imeganda nyeupe. Simiti inaziba, unyevu unakosa pa kutokea, basi unaisukuma plasta yenyewe.

Tumeibandua yote, ukuta ukaachwa ukauke, sasa inapigwa chokaa kwa mchanga, tabaka jembamba jembamba. Mchanga wa ufuoni fundi kaukataa kabisa, kwa sababu ya chumvi hiyo hiyo. Boriti zilizoliwa na mchwa tumebadilisha kwa mikoko. Vidaka, vile vishubaka vya ukutani, havijaguswa.

Kibali kilichelewa, lakini mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, sikutarajia mteremko. Madirisha ya alumini yalikataliwa. Mjomba kanuna, mimi nilifurahi kimoyomoyo.

Limebaki paa. Makuti yanangoja pesa.