Tupeane uzoefu: bustani ya mboga kiangazi kikiisha, wewe hufanya nini?

Wadau wa nchi za baridi, habari zenu. Majani ya miti yanapukutika, usiku umeanza kuuma, na kwa wengi huu ndio wakati wa kufunga bustani. Mimi ndipo ninapoipenda: magugu yamepoa, kumwagilia ni kwa nadra, hakuna cha kukimbizana nacho.

Naanza na vitunguu saumu. Huvipanda wiki 4 hadi 6 kabla ardhi haijaganda, kidole kimoja kimoja, ncha juu, kina cha sentimita 5 hivi, kisha matandazo mazito. Baridi inayoua nyanya ndiyo hiyo hiyo vitunguu saumu vinayoitaka. Visipoipata, mara nyingi hubaki tufe moja lisilogawanyika vidole. Karibuni.

Mama Matuta: Kwangu ni nyanya. Nikisikia jalidi, yaani baridi ya kugandisha, inakuja usiku, nachuma zote, hata za kijani. Zilizokomaa, zile zinazoanza kupauka na kung'aa, huivia ndani kwenye boksi. Nazichanganya na ndizi mbivu, maana gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi huziharakisha. Jua la dirishani si lazima, joto la chumba latosha. Friji ndiyo adui. Changa kabisa ni za achari, usizisubiri. Na mashina yenye ugonjwa wa bakajani hayaingii kwenye mboji yangu ng'o.

Jembe Halimtupi: Maharage siyang'oi. Nakata shina usawa wa udongo, mizizi ioze humo humo. Ya mbegu nayaacha yakaukie mmeani mpaka ganda likitikiswa lilie. Halafu jioni, redio pembeni, napukuchua polepole. Sijui kazi nyingine ya bustani inayotuliza akili hivi.

Mama Matuta: @Jembe, na tuta linabaki wazi?

Jembe Halimtupi: Hapana dada, nalifunika majani ya miti. Udongo ulio uchi mvua inauchapa na kuondoka na rutuba.

Mzee wa Gunia: Hapo kwenye majani mmenigusa. Jirani yangu huyachoma, mimi humwomba anipe! Nashindilia kwenye magunia, nalowesha, natoboa matundu, naweka nyuma ya banda na kuyasahau. Kuvu ndio wanaofanya kazi, na hawana haraka: mwaka 1 hadi 2. Kinachotoka ni cheusi, chepesi, kinanuka msitu. Chakula cha mmea hakina kingi, tusidanganyane, ila kwa kushika unyevu sijaona mfano wake. Ukiyapitishia mashine ya nyasi kwanza, huoza upesi zaidi.

Karoti Mbichi: Nyie mnahangaika, mimi naacha! Karoti zangu hubaki ardhini chini ya majani makavu. Baridi ikizidi, mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili maji ya ndani yasigande upesi, na hapo ndipo utamu unapokuja. Naing'oa moja, nafutia kwenye suruali, naila pale pale nimesimama. Wa nyumbani hawajui hesabu kamili.

Mgeni Bustanini: Asanteni. Mimi nina maboga tu, niyavune vipi?

Mzee wa Gunia: Kabla ya jalidi, mwanangu, ganda likigoma kuingia ukucha. Acha kikonyo kirefu na usilibebe kwa hicho kikonyo. Kikikatika, uozo unaingilia hapo. Yakaushe siku 10 hivi mahali penye joto, kisha yahamishie pakavu penye ubaridi, yasigusane.