DEC ya EQ5 inacheza, nikikaza mota inakwama

Swali
Wakuu, maunti (kishikio cha darubini ya nyota) ni EQ5 yenye mota. RA (mhimili unaofuata mzunguko wa anga) inafuata nyota vizuri, ila DEC (mhimili wa pili, wa kaskazini-kusini) nikigeuza mwelekeo nyota inatulia sekunde 6 nzima ndipo isogee (kasi ya kuongozea 0.5x, yaani nusu ya kasi ya anga). Nimesogeza womu (skrubu inayoendesha gurudumu la meno) karibu na gurudumu lake hadi mchezo, ule ulegevu kati ya meno, ukaisha. Sasa ikifika sehemu fulani mota inanguruma kisha inakwama. Nimekosea wapi?

Jibu 1
Anga linazunguka sekunde za tao 15 kila sekunde (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii). Nusu yake ni 7.5, mara 6 ni 45. Ni mchezo mwingi, lakini usiusake hadi sifuri.

Gurudumu halijawahi kuchongwa likawa duara kamili. Umekazia kwenye upande uliobonyea, ndiyo maana upande uliotuna unabana. Vua darubini na vizito, funga klachi (kifungo kinachoshikanisha mhimili na gurudumu), kisha endesha DEC kwa mota mzunguko mzima. Gurudumu lina meno 144, kwa hiyo womu inazunguka mara 144, usikatishe njiani. Mlio wa mota ukizama, hapo ndipo penye kubana. Simamia hapo hapo. Legeza kidogo boliti za kibebeo cha womu, rudisha skrubu inayosukuma womu kwenye gurudumu, halafu kaza kwa sehemu ndogo sana: skrubu ya M4 ikizunguka moja ya nane tu inasogea karibu milimita 0.09. Kaza boliti, jaribu tena, maana kuzikaza kwenyewe huisogeza womu.

Jibu 2
Mkuu, kabla ya yote hayo gusa ncha ya womu kwa kidole huku mwingine akitikisa mhimili. Ukisikia womu ikiingia na kutoka, tatizo ni beringi zake, wala si meno, na hata ukaze gurudumu namna gani mchezo utabaki. Kaza nati ya mwishoni mpaka kutembea kuishe na womu bado izunguke kwa vidole viwili. Ishike nati hiyo unapofunga ile ya kuizuia, la sivyo zitazunguka pamoja.

Halafu gia ndogo za mota: weka kipande cha karatasi kati ya meno, sukuma mota igusane, kaza, zungusha karatasi itoke. Na skrubu ya gia ikae juu ya ubapa wa shafti. Hii husahaulika mno.

Jibu 3
Acha mchezo kidogo kwa ajili ya baridi: mwili wa alumini hunywea kuliko gurudumu la shaba ya manjano, na kilichokuwa huru jioni hubana usiku. Mchezo uliobaki umalize kwa kuiacha darubini iwe nzito kidogo upande mmoja wa DEC, meno yaegemee upande uleule, au ongoza DEC kwa mwelekeo mmoja tu.