Alama za vinasaba katika pilipili: nianzie wapi?

Muulizaji, Dodoma: Wakuu, nimekusanya mbegu za pilipili kichaa kutoka Kondoa, Mpwapwa na soko la Majengo, na matunda yake yanafanana mno. Je, alama za vinasaba (sehemu za DNA zinazotofautisha mmea mmoja na mwingine) zitanionyesha tofauti ambazo macho hayazioni?

Jibu la 1: Zitakuonyesha. Tumia mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) badala ya RAPD (njia ya kunakili vipande vya DNA bila kuchagua), kwa kuwa mikrosatelaiti hutenganisha mmea uliorithi nakala mbili zinazofanana za kipande hicho na ule wenye nakala tofauti. Chuma majani machanga. Yaliyokomaa husumbua wakati wa kutoa DNA.

Jibu la 2: Mbegu za sokoni huwa zimechanganyika, kwa hiyo pima mimea kadhaa kwa kila sampuli. Pilipili hujichavusha, lakini nyuki nao hawakai kimya.

Muulizaji: Nashukuru. Majani nitayakausha kwa silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu), maana jua la huku huyanyausha kabla sijafika maabara.