Ganda la ndizi kwanza, au jeraha la mtu? Mjadala wa matabibu wa Malindi na Lamu

Tabibu, Malindi: Nasema waziwazi: mwanafunzi asiguse jeraha la mtu kabla hajashona ganda la ndizi, kisha mguu wa mbuzi, mwalimu akiangalia. Ganda la ndizi halisamehe. Ukikaza uzi mno linachanika papo hapo. Ngozi ya mtu ikikazwa hivyo hukaa kimya. Kingo hukosa damu, zikafa mgonjwa ameshaondoka. Uzi wa nailoni wa unene wa 3-0 uliopitwa na muda unatosha kwa mazoezi, mradi usirudi wodini.

Muuguzi, Shela: Ndugu yangu, ndizi haitoki damu wala haishtuki. Majeruhi wa bodaboda anatoka damu na anashtuka.

Tabibu, Malindi: Kweli, dada. Damu inaigizwa: mfuko wa dripu wenye maji ya rangi nyekundu, uning'inizwe kama mita moja juu ya meza, mrija upite chini ya ngozi ya mbuzi. Hapo lazima abane kwanza ndipo ashone. Kushtuka hakuigiziki kirahisi, hilo nakubali.

Mkufunzi, Lamu: Tatizo ni mazoezi bila msimamizi. Mtu hushona mara hamsini, kosa lilelile likakomaa mkononi. Sindano ishikwe theluthi mbili kutoka nchani. Ikishikwa mwishoni, pale uzi ulipoungwa, hupinda. Iingie wima, milimita 5 kutoka ukingoni, itoke umbali uo huo. Ikiingia kwa kulala, kingo hukunjamana ndani na jeraha halishikani. Fundo nalo: kila mzunguko ubadilishe upande, kama fundo la kufungia tanga. Nailoni inateleza, kwa hiyo mizunguko minne. Ulaya hutumia miguu ya nguruwe. Sisi mbuzi wa machinjioni anatufaa, ila glavu zivaliwe, brusela, ugonjwa wa kuambukizwa na mifugo, ipo.

Muuguzi, Shela: Mkufunzi, nyote mnaanzia kwenye sindano. Jeraha chafu likifungwa vizuri huoza vizuri. Mezani nani anafundishwa kuosha? Na ganzi je? Lignokeini ya asilimia 1 isiyo na adrenalini ina miligramu 10 kwa mililita. Kikomo ni miligramu 3 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 50 haruhusiwi kupita mililita 15. Asiyeweza hesabu hiyo, hata fundo lake likiwa zuri, simpi mgonjwa.

Mkufunzi, Lamu: Basi mguu wa mbuzi upakwe mchanga na matope kabla ya mtihani, na hesabu ya ganzi aiandike kwanza. Akikosa moja, koleo la sindano halishiki siku hiyo.

Muuguzi, Shela: Kwa masharti hayo niko nanyi. Ila mgonjwa wake wa kwanza, msimamizi asimame pale pale mpaka uzi wa mwisho ukatwe.