Lori la rimoti la mafuta ya naitro halisimami: nibadilishe diski ya breki au servo?

Kizingo88 (Mombasa)

Wakuu, salaam. Ninaomba msaada kuhusu lori langu la rimoti linalotumia mafuta ya naitro, la kipimo cha 1 kwa 8, lenye injini ya sentimita za ujazo 4.6. Mwezi uliopita nililipeleka Nairobi kwa kaka yangu, tukarekebisha kabureta likakimbia vizuri sana, lakini tangu nilirudishe pwani breki zimekuwa kama hazipo. Nikisukuma trega (kifyatulio cha rimoti) mbele, mkono wa servo, ile mota ndogo inayovuta gesi na breki, unakwenda, kijiti cha breki kinavutika na diski inabanwa mbele ya macho yangu, ila lori linaendelea kuteleza hatua sita au saba, na hata likisimama, nikiachia trega tu linaanza kutambaa tena. Jumapili lilimkosa mtoto kidogo tu uwanjani, na tangu siku hiyo sijaliwasha. Nimekaza skrubu ya breki mpaka diski inapata moto hata nikiwa sijashika breki. Je, ninunue diski ya chuma badala ya hii ya faiba, au nitafute servo yenye nguvu zaidi?

FundiUpanga (Dar es Salaam)

Pole, mkuu, na umefanya vyema kulizima. Usinunue kitu bado. Umesema mwenyewe kwamba ukiachia trega lori linatambaa, na breki iliyochoka haiwezi kusogeza lori; kinachosogeza ni injini. Klachi ya malori haya ina viatu vidogo vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, vikagusa kengele ya klachi, yaani kikombe kinachovifunika, na kupeleka nguvu kwenye gia, kwa hiyo injini ikitulia, yaani ikiwa kwenye sailensi, inatakiwa izunguke polepole kiasi kwamba viatu hivyo vimejikunja na havigusi kitu. Sasa fikiria safari yako. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo bila shaka mlikaza sindano za kabureta ili kupunguza mafuta, na pengine mliongeza sailensi ili injini isizime. Umerudi Mombasa kwenye hewa nzito na mpangilio ule ule, mafuta yamekuwa pungufu kwa hewa inayoingia, mzunguko umepanda, na kila ukishika breki diski yako inashindana na injini inayosukuma.

Pandisha lori juu ya kisanduku ili magurudumu yote yawe hewani, liwashe, lipashe moto, gusa gesi kidogo kisha uachie. Mzunguko ukichelewa kushuka na magurudumu yakaendelea kuzunguka kwa nguvu, jibu umelipata. Anza na mafuta kwanza: rudisha sindano kwenye vipimo vya kitabu cha lori, kisha rekebisha kidogo kidogo huku ukitazama kama moshi mwembamba unatoka kwenye ekzosi wakati wa kukimbia. Hapo ndipo upunguze skrubu ya sailensi. Uwazi wa kabureta trega ikiwa imeachiwa usizidi milimita 1. Nakusihi usilipuuze hili hata kama breki zingekuwa nzima, kwa sababu oili ya kulainisha injini imo ndani ya mafuta yenyewe, na mafuta yakipungua pistoni na silinda yake huliwa haraka mno.

Batina_RC (Maskati)

Nakubaliana na ndugu yangu wa Upanga, ila nisingeiachia breki yenyewe ipite bila kukaguliwa. Fungua diski uitazame kwenye mwanga. Mabaki ya oili yanayotoka na moshi hurukia kila kitu, yakichanganyika na vumbi yanakuwa uji mweusi, na uji huo ukipata joto uso wa diski unang'aa kama kioo. Ukipitisha ukucha unateleza bila kukwama popote. Ioshe diski pamoja na pedi kwa spiriti, uikwaruze kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe, kisha uifute tena kwa spiriti na usiishike kwa vidole vyenye mafuta.

Skrubu uliyoikaza ilegeze. Injini ikiwa imezimwa, rimoti imewashwa na trega imeachiwa, kabureta iwe imefunga hadi kwenye kikomo cha sailensi, na lori lisukumike kwa mkono bila diski kukwaruza. Kwa kuwa servo moja ndiyo inayofungua gesi na kuvuta breki, breki inapaswa kuanza kubana pale tu gesi inapokuwa imefunga kabisa, na springi iliyo kwenye kijiti ndiyo inayomeza mwendo unaobaki. Springi hiyo ikilegea au kijiti kikipinda, nguvu ya servo inapotea njiani. Kuhusu servo mpya, pima kwanza betri za risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti kilicho ndani ya lori, maana zikichoka hata servo imara inavuta kwa unyonge. Diski ya chuma sioni faida yake: breki ikishaweza kufunga magurudumu, kilichobaki ni mshiko wa matairi.

Weka pia ulinzi wa kupotea kwa mawimbi kwenye rimoti, ili lori likikosa mawasiliano lishike breki lenyewe. Baada ya kisa cha mtoto yule, hilo lisisubiri.

Kizingo88

Wakuu, nawashukuru kwa dhati. Juu ya kisanduku magurudumu yalizunguka bila kukoma, kama Fundi alivyotabiri, na nilipomuuliza kaka akathibitisha kwamba aliongeza sailensi karibu nusu mzunguko wakati nimekwenda kununua maji. Nimerudisha sindano kwenye vipimo vya kitabu, nimeshusha sailensi, na sasa lori linatulia palepale nikiachia trega. Diski ilikuwa na uji mweusi uleule. Msasa umeitoa rangi ya kijivu isiyong'aa. Jana jioni lilisimama kwa hatua mbili, ila kwenye kokoto magurudumu yalifunga likaserereka upande, hivyo nimepunguza mwendo wa breki kwenye rimoti kidogo. Ulinzi wa mawimbi nimeuweka na kuujaribu kwa kuzima rimoti lori likiwa juu ya kisanduku: breki ilishika mara moja. Fedha za diski ya chuma nimenunulia betri mpya za risiva.