Eneo la wazi mtaani linaanza kuliwa, ila watu hawaji kwenye mkutano, naanzia wapi?

Wakuu habari zenu. Nipo Dar, ni mpangaji, na mtaani kwetu kuna kiwanja katikati ya nyumba ambacho jioni vijana wanapiga mpira na ndo hapohapo yanafungwa maturubai ya misiba na harusi. Sasa hivi karibuni pameshushwa lori la mawe, vikachomekwa vigingi vimepakwa rangi nyekundu, na upande wa barabarani tayari kuna mabati. Ukiuliza nani anajenga kila mtu anakutajia jina tofauti. Kuna mzee alihamia hapa viwanja vilipogawiwa, yeye anasema hili eneo liliachwa wazi kwa makusudi.

Mkutano wa mtaa ulitangazwa kwa kipaza sauti, wakaja wazee na akina mama wachache, suala lenyewe likaguswa juujuu tukatawanyika. Lakini mtu akifiwa, jioni hiyohiyo daftari la michango linazunguka na viti havitoshi, na ni watu walewale! Tena kuna wanaoniambia wewe mpangaji kaa kimya. Sitaki ugomvi na mtu ila roho inaniuma kuona watoto wameanza kuhamishia mpira barabarani kwenye bodaboda. Naombeni ushauri.

Babu Kisarawe
Hilo la mpangaji lisikutishe mwanangu. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, hakuna anayeulizwa hati ya nyumba mlangoni.

mama_mapacha
Mdogo wangu umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye daftari la michango. Anaeshika hilo daftari ndo anajua kila nyumba ina nani na simu ya nani, nenda kwake kabla hujaenda kwa mwenyekiti. Halafu vikoba. Sisi kwetu barabara ilijaa maji mvua zote, matangazo hayakuleta mtu, ila akina mama wa kikoba walipokubaliana wakatoka mmoja mmoja na jirani yake kwa mkono, ukumbi ukajaa. Na muda pia angalieni, mkutano asubuhi siku ya kazi nani atakuja, watu wako kwenye mwendokasi saa hizo. Ombeni Jumapili saa kumi, na mkae palepale kiwanjani, watu wayaone hayo mabati kwa macho yao.

chumvi_nyingi
Mnajisumbua, maeneo ya wazi yanauzwa na haohao viongozi wa mitaa, mtaongea mpaka mchoke.

Fundi Ramani
@chumvi_nyingi yapo yaliyotokea hivyo, sikatai, ila kumtuhumu mtu bila karatasi ndo kunawapa wavamizi ushindi, maana kesi inageuka ya matusi na kiwanja kinasahaulika. Mleta uzi, nenda manispaa idara ya mipango miji uombe kuona mchoro wa eneo lenu. Miji inapangwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na matumizi ya kila kipande yanasomeka kwenye mchoro. Ukikuta pameandikwa eneo la wazi, mwenye mabati ndo atatakiwa aeleze matumizi yalibadilishwa lini na kwa kibali cha nani. Wakikuzungusha andika ombi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku 30 za kujibu. Hii kazi anza kesho, msingi ukishajengwa kubomoa ni vita nyingine kabisa.

Mleta uzi
Asanteni sana, mama_mapacha umenifungua macho, mwenye daftari ni jirani yangu ukuta kwa ukuta na sikuwahi kumfikiria. Mwenyekiti wetu alichaguliwa Novemba 27, 2024, sina ubaya nae ila naona anasitasita. Je akigoma kuitisha mkutano?

Babu Kisarawe
Andikeni barua ya kuomba mkutano, wakazi waweke majina, sahihi na namba za nyumba. Ipelekeni kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri kesho mtaambiwa haikufika. Siku ya mkutano hakikisheni azimio linaandikwa kwenye muhtasari na mahudhurio yanasainiwa, maana maneno yasiyo kwenye muhtasari huko kata hayafiki. Na huyo mzee wa viwanja mkae nae leo jioni muandike anachokumbuka, nani alipima, mipaka ilipita wapi, kisha asaini.

mama_mapacha
Na mpige picha za hivyo vigingi leo leo kabla havijahamishwa.