Mjadala: Seva yenye kori zilizofungwa, ni akili au ni kupigwa?

Mleta mada, Nyegezi, Mwanza:
Wakuu, jana kwa mama ntilie karibu na stendi tumebishana hadi sato wangu akapoa. Ni sawa taasisi ya umma kununua seva kubwa (kompyuta inayobeba kazi za ofisi nzima) ambayo baadhi ya kori za vichakataji vyake, yaani vile vipande vinavyopiga hesabu, zimefungwa, halafu iwe inalipia kuzifungua kwa siku chache? Kwa asiyejua: kwenye baadhi ya seva za IBM Power, kwa mfano, kori zote huja zimo ndani ya boksi. Unalipia, unapewa namba ya kufungulia, unaiingiza, kori zinaamka bila kuzima mashine. Mimi naona tunapigwa. Chuma kimekaa chumbani kwangu, umeme na AC nalipa mimi, ufunguo anao mwingine!

Wa Mwaloni:
Hukununua zote, mkuu. Tuseme umelipia kori 10. Zile 6 za ziada umewekewa tu. Huku kwetu mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanalala, giza likirudi karabai zinawashwa. Kazi ya kuandaa mishahara kwenye seva ni hivyohivyo: siku tatu za moto, zilizobaki mashine inapiga miayo. Ulipie 16 mwaka mzima za nini?

Mleta mada:
Karabai ya kuazima ukimaliza unairudisha kwa mwenyewe. Hii nabaki nayo, naifuta vumbi.

Wa Igoma:
Mimi nimewahi kuwa mbonyezaji wa seva hizo, ofisi siitaji. Namuunga mkono wa Mwaloni, ila nusunusu. Hesabu yetu ilikwenda kwa siku-kori: kori 2 kwa siku 3 ni siku-kori 6. Ukiitaka kori kwa saa mbili tu, siku nzima imeliwa. Hilo tulilijua. Lililotuumiza ni kurudisha. Muda ukiisha, kori hazijitoi zenyewe. Lazima mtu azitoe kwenye mfumo unaozitumia. Ijumaa muda ukaisha, kila mmoja akadhani mwenzake amezitoa, watu wakaenda zao Capripoint kupunga upepo. Kori zikabaki kazini, na bili nayo kazini. Jumatatu nafungua skrini nakuta onyo: kori 2, Jumamosi na Jumapili, siku-kori 4 za hasara. Mhasibu akaniuliza, "Hizi kori umekula na nani?"

Kwa hiyo zikinunuliwa, mkataba umtaje kwa cheo mtu wa kuzirudisha, siku na saa. Na muulize mapema kuhusu programu ya hifadhidata, maana nyingine leseni zake zinalipiwa kwa idadi ya kori. Unaokoa kwenye chuma, unaliwa kwenye leseni. Hapo ndipo penye upigaji, mleta mada, kwenye kufuli unaonea tu.

Mleta mada:
Sawa mkuu. Na zile siku-kori 4, nani alilipa?

Wa Igoma:
Ofisi. Kwenye vocha tuliandika "matengenezo".